Maswali yenu: Sekondi-bezi wa zamani, nani alikuwa kiboko?

Toleo lililopita niliandika mistari miwili tu pale pembeni, nikasema katika walinzi wote wa bezi ya pili (sekondi-bezi) wa zamani kwenye beseboli ya Marekani, Rogers Hornsby ndo alikuwa na bati kali kuliko wote. Mistari miwili bana, na barua zimejaa. Tangu vijana wetu wawili wasainiwe na Dodgers, timu ya ligi kuu ya Marekani, mwaka 2022 naona kila mtu Uganda amekuwa mtaalamu wa mchezo huu, na sio vibaya. Nimechagua barua chache, zile za matusi nimeziweka pembeni.

Kwa wageni kwanza, ili tusiachane njiani. Ukiona namba kama .426 hiyo ni wastani wa kupiga, unachukua hiti za mtu, yaani mara alizopiga akafika bezi salama, unagawanya kwa mara alizosimama kupiga, bila kuhesabu bezi za bure anazopewa pitcha (mrushaji) akirusha vibaya, basi. Yaani huyo akisimama mara elfu moja anapata hiti 426. Mwenye .300 ni mzuri, mwenye .250 yuko yuko tu, mwenye .400 ni wa ajabu. Haya twende.

*Mzee wa safu, habari. Mimi niko chuo hapa Mukono. Ulisema Hornsby ndo kiboko wa kupiga, lakini nimeona Nap Lajoie alipiga .426 mwaka 1901, na Hornsby mwaka wake mkubwa kabisa, 1924, alipiga .424. Kwani 426 si kubwa kuliko 424? Au hesabu nilisomea wapi mimi? (Mwanafunzi, Mukono)*

Hesabu umesoma vizuri kijana, 426 ni kubwa na itabaki kubwa. Shida ni kwamba unachukua shilingi mia ya mwaka 1990 unailinganisha na mia ya leo, zote zimeandikwa mia lakini hebu nenda nazo dukani.

Tuangalie 1901 ilikuwaje. American League ndo kwanza imejitangaza kuwa ligi kuu mwaka huo, inaokota wachezaji huku na huku, inawavuta kwa pesa kutoka National League ambayo ilikuwepo tangu 1876. Lajoie alikuwa Phillies, akahamia Athletics, mji uleule wa Philadelphia, ni kama kuvuka barabara tu. Mwaka 1900 kule alikotoka alipiga .337. Mwaka uliofuata mtu yuleyule akapiga .426. Sasa alijifunza nini kipya katika miezi ile ya baridi? Hakuna kitu, ni kwamba mapitcha wengi wazuri alikuwa amewaacha kwenye ligi ya zamani.

Alafu kuna mambo ya faulu, na hapa ndo watu wengi hawajui. Siku hizi ukipiga mpira ukaenda nje ya mstari unahesabiwa straiki (zikifika tatu umetoka), ila faulu zinahesabiwa mpaka zifike mbili tu. National League ilianza kuhesabu hivyo mwaka huohuo wa 1901, American League ikakaa mpaka 1903 ndo ikakubali. Kwa hiyo Lajoie mwaka 1901 alikuwa na uwezo wa kukata mipira ya faulu hata sita mfululizo, hakuna anayemhesabia straiki, anangoja tu pitcha achoke amletee mpira wa katikati. Ilipoingia sheria 1903 alipiga .344. Bado aliongoza ligi nzima, manake alikuwa fundi kweli, lakini umeona namba ilivyoshuka.

Kitu ninachofanya mimi kabla ya kumsifu mtu, natafuta ligi nzima ilipiga ngapi mwaka ule, alafu nagawanya. American League 1901 ilipiga .277, National League 1924 ilipiga .283. Lajoie anatoka na 1.54, Hornsby anatoka na 1.50. Utaniambia ona sasa Lajoie bado yuko juu. Ndiyo yuko juu, kidogo, juu ya ligi ya mwaka mmoja, na mwenzake yuko juu ya ligi ya miaka karibu hamsini iliyokwisha kukomaa. Na Hornsby hakufanya mara moja akaondoka, chukua miaka yake mitano kuanzia 1921 hadi 1925 uichanganye yote pamoja, inatoka .402. Miaka mitano! Na katikati ya hiyo, mwaka 1922, akapiga .401 na homurani 42 juu yake, yaani mpira unavuka uzio na wewe unazunguka bezi zote. Walinzi wa bezi ya pili wa kabla yake hawakuwa watu wa homurani, Lajoie mwaka ule wa 1901 alipiga 14 na hizo zilimfanya aongoze ligi yake.

Lakini kijana, kama unampenda Lajoie mimi nikupe mwaka wake mkubwa kweli, ambao sio 1901, ni 1910. Wakati huo mpira ulikuwa mzito na umekufa, mpira mmoja unachezwa mpaka unakuwa mweusi na laini, mapitcha wanaupaka mate na tumbaku na hakuna anayewakataza, ligi nzima inapiga .243 tu. Lajoie ana miaka 36 na anapiga .384.

Utasema lakini mwaka ule ulikuwa na kashfa, na ni kweli ilikuwepo tena kubwa. Kampuni ya magari ya Chalmers iliahidi gari kwa atakayeongoza kwa wastani, na mbio zikabaki kati ya Lajoie na Ty Cobb wa Detroit, mtu ambaye wachezaji wenzake wengi walikuwa hawataki hata kumsikia. Siku ya mwisho, tarehe 9 Oktoba, timu ya Lajoie ilikuwa St. Louis kucheza mechi mbili kwa siku moja. Kocha wa St. Louis, Jack O'Connor, akamwambia mlinzi wake wa bezi ya tatu, kijana mgeni kabisa anaitwa Red Corriden, asimame mbali kule nyuma karibu na majani. Lajoie akaona uwanja wa mbele uko wazi, akaanza kuweka banti, mpira unaguswa tu unabiringika polepole huyo anafika bezi ya kwanza bila shida. Hiti nane katika siku moja! Mwandishi wa takwimu akaahidiwa suti mpya ili aongeze moja tena. O'Connor alifukuzwa kazi. Cobb alitangazwa mshindi kwa tofauti ya uzi, na Chalmers wakaona wasigombane na mtu wakatoa magari mawili. Miaka mingi baadae watafiti wakagundua mechi moja ya Cobb iliandikwa mara mbili kwenye daftari la ligi, kwa hiyo hata ushindi wenyewe ulikuwa wa karani.

Sasa fanya hivi, toa zawadi zote. Lajoie alikuwa na hiti 227 kwa mara 591. Ondoa hizo nane zote pamoja na mara nane alizosimama, unabaki na 219 kwa 583, ambayo ni .376. Gawanya kwa .243 ya ligi, unapata 1.55. Yaani hata ukimnyang'anya kila kitu cha siku ile, 1910 bado inaipita 1901 yake, na inaipita hata 1924 ya Hornsby. Kwa hiyo barua yako ina haki kijana, ila umeshika mwaka ambao sio.

*Mzee wangu, mimi ni mtu wa kriketi, nimekaa Lugogo nikiangalia mechi tangu ujana wangu. Kwetu Don Bradman wa Australia ana wastani wa 99.94 na mjadala umeisha, hakuna anayeuliza ligi ilikuwaje. Kwa nini nyinyi wa beseboli mnapenda kuchanganya watu? (Mzee wa Lugogo, Kampala)*

Mzee shikamoo. Kwanza hizi hesabu zimetoka kwenu, Henry Chadwick aliyezitengeneza na kuzisambaza kwenye magazeti ya New York alizaliwa Exeter, Uingereza, mwaka 1824, amekulia kriketi. Kwa hiyo msitukatae.

Ila kriketi ya kimataifa, ile mnayoita Test, ilikuwa imetulia wakati wa Bradman. Beseboli ya mwanzo haikutulia hata kidogo, walikuwa wanabadilisha sheria karibu kila msimu. Mwaka 1887 peke yake waliamua ukipewa bezi ya bure uhesabiwe umepiga hiti, na ukitaka kutolewa kwa straiki lazima zifike nne. Mwaka mmoja tu, wakaacha. Mwaka 1893 wakamrudisha pitcha nyuma, kutoka kwenye kisanduku cha futi 50 wakampeleka futi 60 na inchi 6, mwaka uliofuata National League nzima ikapiga .309. Nzima mzee, mpaka na wale wasiojua kupiga! Miaka 14 baadae, 1908, ligi hiyohiyo inapiga .239. Sasa mtu wa .310 mwaka 1894 ni wa kawaida kabisa, mtu wa .310 mwaka 1908 ni moto. Bila kuuliza mwaka utawasalimia wote wawili sawa.

Nikupe mfano wa Ross Barnes, huyu nadhani wewe utampenda maana mchezo wake ulikuwa wa ujanja wa mkono. Sekondi-bezi wa Chicago mwaka 1876, mwaka wa kwanza wa National League. Hiti 138 kwa mara 322, inakuja .429, na alikimbiza rani 126 katika mechi 66 tu, karibu mbili kila mechi. Lakini siku hizo mpira ukigonga ndani ya mstari kwanza alafu ukatoka nje, hata kabla ya kufika bezi, ulihesabiwa mzuri. Barnes alikuwa anaukata chini kwa makusudi, unagonga mbele ya miguu yake unaruka pembeni kwa watazamaji, walinzi wanaufuata huko yeye ameshafika. Mwaka 1877 wakaifuta sheria hiyo na Barnes akashuka mpaka .272 kwa mechi 22.

Watu wengi wanaishia hapo, wanasema basi alikuwa mtu wa sheria moja. Mimi nakataa, manake mwaka huo Barnes aliugua homa ya baridi, ile inayokuja na kuondoka na kumwacha mtu bila nguvu, sisi Waganda hatuhitaji kuelezwa homa ya namna hiyo inamfanya nini mtu. Ndio maana alicheza mechi 22. Tena aliipeleka timu mahakamani kudai mshahara wa siku alizokuwa mgonjwa, na akashindwa. Namba inakuonyesha tu ameanguka, haikuambii nini kimemwangusha.

Na mwenzake wa upande wa pili ni Fred Dunlap. Mwaka 1884 aliingia ligi mpya ya Union Association, timu yake ya St. Louis ikashinda 94 ikapoteza 19, yeye akapiga .412. Ligi ikafa mwaka uleule. Timu ikaingia National League 1885 na wachezaji wengi walewale, ikashinda 36 ikapoteza 72, ikashika mkia, na Dunlap akapiga .270. Hapo hakuna homa wala sheria, ni kwamba ligi ile ilikuwa dhaifu. Mzee ukiniletea .412 ya Dunlap naipokea kwa heshima naiweka kando.

*Kocha wa watoto hapa, Lugazi. Sisi sekondi-bezi tunamchagua kwa mikono na miguu, kupiga baadae. Nyie mnaandika wastani wastani tu. Hawa wa zamani walikuwa wanadaka kweli? Na mimi niandike nini kwenye daftari langu nijue nani bora? (Kocha, Lugazi)*

Kocha, nyinyi wa Lugazi nawaheshimu, mwaka 2012 watoto wenu walikwenda Williamsport, Marekani, kwenye mashindano ya dunia ya watoto, wakawafunga wale wa Oregon 3-2, ushindi wa kwanza wa timu ya Afrika kule. Kwa hiyo nikikosea utanisamehe.

Swali lako ndo gumu kuliko yote. Takwimu ya zamani ya kudaka ni moja, asilimia ya kudaka: unachukua auti alizoshiriki, yaani wapinzani waliotolewa, iwe amedaka mwenyewe au amerusha, unagawanya kwa hizo pamoja na makosa yake. Ubaya wake ni kwamba mpira usioufikia sio kosa. Tuseme una watoto wawili. Wa kwanza ameshiriki auti 98 na makosa 2, asilimia yake .980. Wa pili auti 140 na makosa 7, asilimia .952. Kwenye karatasi wa kwanza ni bora. Uwanjani wa pili amekupa auti 42 zaidi kwa gharama ya makosa matano zaidi, mimi namchukua huyo bila kulala. Wa kwanza anaangalia tu mpira unampita kushoto na kulia, daftari liko safi.

Kwa hiyo jibu la daftari lako: hesabu auti kwa mechi, au bora kwa ining (kipindi cha mchezo), sio makosa peke yake. Na weka alama pembeni kama pitcha wako ni wa kushoto au kulia na kama mipira yake hupigwa chini au juu, manake sekondi-bezi aliye nyuma ya pitcha wa mipira ya chini atapata kazi nyingi hata kama miguu yake ni ya kawaida. Na usilinganishe mwaka huu na mwaka jana kama umebadilisha mapitcha.

Sasa zamani. Mtu wa kumjua ni Bid McPhee wa Cincinnati, alicheza 1882 mpaka 1899, miaka 18 timu ya mji mmoja. Kocha, huyu bwana alicheza mikono mitupu. Bila glavu! Wenzake walianza kuvaa viglavu vidogo vya ngozi miaka ya 1880, yeye akakataa, alikuwa anaiweka mikono kwenye maji ya chumvi kabla ya msimu ili ngozi iwe ngumu. Mwaka 1886 alidaka auti 529 bila kuhesabu alizorusha, na mpaka leo hakuna sekondi-bezi aliyefika hapo. Akaumia kidole, na mwaka 1896, akiwa na miaka 36, ndo akavaa glavu, na mwaka huohuo asilimia yake ikafika .978, rekodi iliyokaa miaka mingi. Yaani dunia nzima ilikuwa na glavu yeye hana na bado alikuwa anaongoza, akapewa glavu akawaacha kabisa.

Wastani wake wa kupiga kwa maisha yote ni .272 na nadhani hiyo namba ndo iliyomchelewesha, Hall of Fame, jumba la heshima la beseboli, ilimwingiza mwaka 2000, alikuwa amekufa tangu 1943. Zile 529 nazo tusizimeze mzimamzima, siku hizo watu waliotolewa kwa straiki walikuwa wachache kuliko leo kwa hiyo mipira mingi ilikuwa inaingia uwanjani na mlinzi yeyote anapata kazi. Ndio maana namlinganisha na walinzi wa bezi ya pili wa ligi yake mwaka uleule, na hata hapo yuko mbele yao, mwaka baada ya mwaka.

Kitu kingine kocha, kazi yenyewe ya bezi ya pili ilikuwa tofauti. Enzi za mpira mzito kila mtu alikuwa anaweka banti, na banti nyingi zinakwenda kwa bezi ya tatu, kwa hiyo yule wa tatu ndo aliyetakiwa kuwa mwepesi na timu ilimsamehe kama hapigi. Bezi ya pili timu ilitaka mtu anayepiga. Auti mbili kwa mpigo hazikuwa nyingi kama leo kwa sababu wakimbiaji walikuwa wanaondoka kabla mpira haujapigwa. Banti zilipopungua na watu wakaanza kupiga kwa nguvu, ile kazi ya kugeuka katikati ya bezi ikawa nzito, mambo yakageuka. Ndio maana mimi nacheka mtu akishangaa kwamba walinzi wa bezi ya pili wa 1910 walipiga vizuri kuliko wa miaka ya baadae, wale waliajiriwa wapige.

*Ssebo, mbona wote unaowataja ni wazungu? Hakukuwa na mweusi hata mmoja anayejua kulinda bezi? (Mama wa duka, Mbale)*

Walikuwepo nnyabo. Frank Grant alizaliwa Massachusetts mwaka 1865, alilinda bezi ya pili ya Buffalo kwenye International League 1886 mpaka 1888, na wengi wanaofuatilia mambo haya wanamhesabu mchezaji mweusi bora wa karne ya 19. Julai 1887 wakuu wa ligi ile wakapiga kura wasisaini tena mweusi mpya. Inasimuliwa kwamba wakimbiaji walikuwa wanamrukia miguu na njumu zao za chuma kwa makusudi mpaka akaanza kujifunga vibao kwenye miundi. Hall of Fame ilimpokea 2006, naye alikufa 1937.

Sasa kwa swali letu, hapa takwimu zinanyamaza. Mwaka 2024 Major League ilikubali kuingiza namba za ligi za weusi za 1920 hadi 1948 kwenye vitabu vyake, ni jambo kubwa, lakini Grant alikuwa ameshastaafu zamani. Ana misimu michache ya ligi ndogo, na mmoja wa hiyo ni 1887, ule ambao bezi za bure zilihesabiwa hiti, alafu baada ya hapo ni miaka na timu za weusi zilizokuwa zinazunguka, ambazo mechi zake nyingi hakuna aliyezihifadhi. Kwa hiyo nikimpa mtu namba moja, mbili, tatu hapo chini, ujue ni ya wale walioruhusiwa kucheza mbele ya mtu mwenye kalamu.

*Na Johnny Evers? Huyo ana shairi lake kabisa. (Mwendesha boda, Entebbe)*

Ana shairi, ndiyo, liliandikwa kwenye gazeti la New York mwaka 1910 na mtu aliyekuwa amechoka kuona Chicago inaifunga timu yake. Evers alikuwa na akili nyingi uwanjani, mwaka 1914 alipewa tuzo ya Chalmers ya mchezaji bora wa National League, lakini .270 kwa maisha yote bila nguvu yoyote kwenye bati, hapana. Bila shairi nina wasiwasi kama ungenitumia barua.

*Mzee acha kuzunguka. Taja mmoja. (Afande mstaafu, Gulu)*

Sawa afande. Eddie Collins, sekondi-bezi wa Philadelphia na Chicago.

Ngoja nieleze kabla hamjaanza, maana toleo lililopita nilimsifu Hornsby na sijageuka, Hornsby bado ndo bati kali. .358 kwa maisha yote, homurani 301, mwaka 1924, ukihesabu na bezi za bure, alifika bezi zaidi ya nusu ya mara alizosimama, .507. Lakini swali lako ni la sekondi-bezi, sio la bati.

Kuna hesabu mpya inaitwa WAR, inajaribu kukusanya kila kitu, kupiga, kukimbia, kudaka, inaondoa ugumu wa mwaka na wa uwanja, inakwambia mtu huyu aliipa timu ushindi mangapi zaidi ya mchezaji wa kuokota tu. Kwa Baseball-Reference Hornsby ana karibu 127, Collins karibu 124, Lajoie karibu 107. Tatu kati ya Hornsby na Collins ni kitu kidogo sana, hasa ukijua kwamba upande wa kudaka wa miaka ile umekisiwa kutoka daftari chakavu. Kwa hiyo WAR inaniambia tu kwamba hawa wawili wako chumba kimoja, nani akae kiti cha mbele naamua mwenyewe.

Na naamua hivi. Collins alicheza zaidi ya mechi 2,600 kwenye bezi ya pili, hakuna mwingine aliyefika huko. Hornsby alicheza pale kama 1,560, nyingine zote alikuwa kwingine. Mpaka 1919 Hornsby alikuwa anahamishwa bezi ya tatu, katikati, popote, akaja kutulia bezi ya pili mwaka 1920, na 1920 ndo mwaka ambao mambo yaligeuka: mate yakapigwa marufuku kwa mapitcha wapya, na mwezi wa nane Ray Chapman wa Cleveland akapigwa kichwani na mpira akafa, tangu hapo marefa wakawa wanatupa mpira mchafu na kuleta mweupe. Hornsby kama sekondi-bezi karibu hakuionja kabisa ile enzi ya mpira mweusi. Collins ameila kwa zaidi ya miaka kumi, 1909 alipiga .347 ligi ikiwa .244, 1914 alipiga .344 ligi ikiwa .248.

Alafu angalia kilichompata Collins mpira mweupe ulipokuja. Ana miaka 33, anapiga .372 mwaka 1920. Miaka mitatu baadae .360. Mtu aliyekuwa anazeeka! Najua ligi yake 1920 ilikuwa rahisi kupiga kuliko ile ya Hornsby aliyepiga .370, sikatai, mwaka ule Hornsby alikuwa juu zaidi. Ninachosema ni kwamba tunajua Collins alifanya nini katika enzi zote mbili, na Hornsby wa bezi ya pili tunamjua katika moja, tena ile rahisi.

Ongeza bezi za kuiba, yaani kukimbilia bezi inayofuata bila mpira kupigwa, 741. Septemba 1912 aliiba sita katika mechi moja, alafu kabla mwezi haujaisha akaiba sita tena katika mechi nyingine. Ongeza banti za kujitoa ili mwenzake asogee, 512, rekodi mpaka leo, na hizo hazionekani popote kwenye wastani wa kupiga. Pamoja na kujitoa kote huko alifika bezi kwa .424 maisha yake yote, Hornsby .434, tofauti ndogo hivyo na mmoja wao amepiga mpira wa mate nusu ya maisha yake.

Kwa hiyo afande: Collins, Hornsby, Lajoie, McPhee. Barnes ningemweka wa nne kama angecheza zaidi ya misimu tisa.